Maji ya Mgomba wa Ng'ambo

Kitu cha kwanza alichokiona Eneless kilikuwa konokono. Alikuwa amekufa, ameganda kwenye tumbo la jiwe la kufulia nguo, kwa chini, mahali ambapo hakuna mwanamke wa kijiji aliyewahi kupaona kwa sababu miaka yote palikuwa ndani ya maji. Eneless aliinama akamgusa kwa ukucha. Gamba likadondoka kwenye mchanga mkavu. Ndani hamkuwa na kitu.

Hakumwambia mtu. Alimaliza kufua shati la mume wake, akalikamua, akalianika juu ya matete. Siku hizo kulikuwa na mambo mengi ambayo hakumwambia mtu. Tangu utoto alikuwa mwenye haya. Katika shule ya misheni, kabla hajaacha masomo akiwa Standadi ya Pili, mwalimu alimwita na kumwita tena ndipo sauti yake iliposikika. Lakini hii ya sasa haikuwa haya. Haya huchoma mashavu. Hii haikuchoma popote. Juzi alikuwa ameshika sufuria ya moto kwa mkono mtupu, na alichotambua mwanzo ilikuwa harufu.

Kijito hicho kiliitwa Katete. Kilishuka kutoka vilimani kwenda Ziwa Mweru, kaskazini kidogo ya Nchelenge, na maji yake ndiyo yaliyokuwa mpaka. Kusini ilikuwa nchi ya mfumu mmoja, yaani chifu, kaskazini ya mfumu mwingine. Eneless aliolewa kusini, kwa Misheck, mvuvi aliyewauzia samaki wakavu watu wa Kilwa waliovuka ziwa kutoka Kongo. Alizaliwa kaskazini, kwa bibi yake mzaa mama, ambaye jina lake lilikuwa Nsama lakini kila mtu alimwita Nakulu. Kutoka mlango wa Eneless hadi mlango wa Nakulu, mtu mwenye haraka alifika kabla jasho halijamtoka. Watu walivuka kwa kukanyaga mawe, wakachumbiana, wakaazimana majembe, wakagombana, na hakuna aliyefikiri kwamba amebadilisha nchi.

Mvua za mwaka uliopita, zile za mwisho zilizonyesha vizuri, Eneless alivuka akiwa na mimba kubwa kwenda kuzaa kwa Nakulu, kama binti anavyofanya kwa mimba ya kwanza. Mtoto alikuja kabla ya wakati wake. Mvua ilipiga paa la majani kwa nguvu siku hiyo, hata watu wawili ndani ya chumba walilazimika kupaza sauti. Nakulu alimpokea mtoto, akamgeuza, akamfunika kwa kitambaa.

"Hakulia," alisema.

Neno hilo lilifunga kila kitu. Aliyelia ni mtu. Ana jina, ana kaburi, wanaume hubeba jeneza na wanawake hukaa kilio. Asiyelia huitwa akapopo. Huyo huzikwa na wanawake peke yao mahali penye unyevu, upesi, kabla baba hajaambiwa, na hakuna anayemlilia. Nakulu alimzika nyuma ya jiko, upande wa kijito, akapanda juu yake chipukizi la mgomba ili pasionekane kama mahali pa kitu. Kisha alimfunga Eneless matiti kwa nguo ili maziwa yarudi.

"Udongo wa pale usikauke," alimwambia huku akikaza fundo. "Ukikauka, tumbo lako nalo litakauka, na mwingine hatakuja. Unasikia? Na usilie. Ukilia unamfungia mwenzake njia."

Misheck aliambiwa tu kwamba mambo ya wanawake yamekwisha. Naye kwa heshima hakuuliza, maana mwanaume hapaswi kuuliza. Alileta samaki mkubwa wa mchuzi akakaa nje.

Eneless hakulia. Maziwa yalirudi. Kila alipovuka kumsalimu Nakulu alimwaga maji kidogo chini ya mgomba, na mgomba ukakua. Kulikuwa na kitu kimoja cha siku ile ambacho hakukisema, na kwa sababu hakukisema, alikuwa amefika mahali pa kutojua kama kilikuwa cha kweli au kilikuwa mvua tu.

Halafu mvua hazikuja. Ilikuwa mwaka wa pili tangu Wazungu walete Federation, ule muungano wao wa nchi tatu, na wazee wengine walisema ndiyo iliyofukuza mawingu. Mihogo ilisimama mifupi kama vijiti. Ziwa lenyewe lilirudi nyuma na kuacha tope la kumzamisha mtu hadi paja, na mamba walilala humo wakingoja. Maji ya ziwa yalichotwa kwa usalama gatini tu, mbali, ambako mitumbwi ilitua. Vijiji vya juu vilibaki na Katete, na Katete kilikuwa kinaisha.

Asubuhi moja Mwewa, kapaso wa mfumu wa kusini, tarishi wake wa kutangaza na kulinda amri, alikuja kijitoni amevaa shati lake la kaki na mkanda wa askari. Alichomeka kijiti kwenye tope, akafunga kwenye ncha ya kijiti kishada cha majani, alama ya kitu kilichokatazwa. Wanawake waliokuwa wakichota walisimama wakamtazama.

"Kuanzia leo," alisema, "mutu asimwagilie kitu na maji ya Katete. Si kitunguu, si kabichi, si tumbako. Maji ni ya kunywa, ya kupika, ya kuoga mutu. Njo amri ya mfumu. Mimea ya mutu atakayekataa, mimi mwenyewe nakuja na jembe, naing'oa mpaka mizizi, batu waone."

"Na maji ya kuoga kapaso?" aliuliza Mable. "Nayo imekatazwa? Maana tangu Pasaka tunaona unaogopa maji."

Wanawake walicheka. Mable walimwita Bana Bwembya, mama wa Bwembya, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama wanawake wote wenye watoto walivyoitwa. Eneless alikuwa bado Eneless.

"Bana Bwembya, mimi nasema amri, wewe unaleta mchezo."

"Apana, mukwai," alisema Mable, akitumia neno la heshima. "Nauliza sheria tu. Bustani yangu ya vitunguu iko ng'ambo ile, kwa mfumu mwingine, mahali mama yangu alinipa. Kule nako umefunga majani?"

Mwewa alitazama ng'ambo. Hapakuwa na kijiti. Palikuwa na mbuzi.

"Kule si kwangu," alisema.

"Aya! Basi sheria yako itafika hapa katikati, itaona miguu inalowa, itarudi nyumbani."

Kuanzia siku hiyo vijiji vya kusini vilijifunza jambo jipya. Aliyekuwa na mama, shangazi au shemeji upande wa kaskazini alikumbuka ghafla kwamba ana bustani kule. Watu walivuka asubuhi na vikopo wakamwagilia, kisha wakarudi wakampita Mwewa na kumwamkia kwa adabu kubwa. Mwewa alisimama karibu na kijiti chake akihesabu mbu.

Lakini maji hayakukaa mahali pamoja. Kadiri jua lilivyozidi, Katete kiliacha mchanga wa kusini na kujikunja kuelekea kaskazini, ambako kulikuwa na shimo chini ya matete. Mwewa aling'oa kijiti akakisogeza kifuate maji. Baada ya siku kadhaa akakisogeza tena. Mwishowe maji yote yaliyobaki yalikuwa dimbwi moja, refu kama mtumbwi, chini kabisa ya ukingo wa kaskazini, na asubuhi iliyofuata kijiti cha mfumu wa kusini kilionekana kimesimama katika nchi ya watu wengine. Kabla ya mchana wenyeji walikuwa wamekirusha ng'ambo. Mwewa akakirudisha. Wakakirusha tena, safari hii kimevunjika vipande viwili.

Hapo ndipo wakubwa walipoanza kutumiana watu. Wakati wakiendelea kutumiana, kila mwanamke wa pande zote mbili aliruhusiwa mtungi mmoja asubuhi.

Eneless alichota wake, akautia kichwani, akavuka. Nyuma ya jiko la Nakulu aliinamisha mtungi, maji yakaingia kwenye udongo kwa sauti ndogo, kama mtu anayemeza. Kila kitu kingine pale kilikuwa na rangi ya jivu, mgomba tu ulisimama kijani. Alingoja pale mpaka udongo ulipoacha kung'aa. Hakuomba, hakusema neno, hakuhisi huzuni. Alitazama tu. Kisha alibeba nusu iliyobaki akaenda nayo nyumbani.

"Mtungi iko nusu tena," alisema Misheck jioni. Alikuwa amekaa kizingitini akishona wavu uliopasuka. "Maji inaenda wapi, muke wangu?"

"Kwa Nakulu."

"Nakulu ni mutu mumoja. Anakunywa kama ng'ombe?"

Eneless alisonga bukari. Unga wa muhogo ulikuwa na mawe, kwa sababu hapakuwa na maji ya kuulowesha muhogo vizuri.

"Nawe midomo yako imepasuka," alisema Misheck. "Yangu niliona umeniwekea kwenye kikombe. Yako iko wapi?"

"Nimekunywa."

Misheck aliuvuta uzi kwa meno, akaukata. Hakuwa mtu mbaya. Jana yake alikuwa ameviringisha pipa la maji kutoka gatini hadi nyumbani, maji yenye magamba ya samaki na harufu yake, ili mke wake aoge, na mabega yake yalikuwa bado yamevimba.

"Kama kuna jambo," alisema, akiutazama wavu, "mimi niko hapa. Siendi mahali."

Eneless aliona uzi ukiingia na kutoka kwenye matundu. Alijua kwamba mwanamke mwingine angezungumza sasa. Alitamani kutamani kumwambia. Lakini alipotafuta ndani yake mahali maneno yanapokaa, alikuta pakavu, akampakulia chakula.

Kapaso Mwewa hakuwa mjinga. Siku moja, akiwa amechoka kuchekwa, aliacha kulinda dimbwi akaanza kutazama chini. Mtungi ukijaa hutoa vitone, na vitone kwenye vumbi jeupe huonekana kama nyayo za kuku. Alifuata mstari wa kwanza, akafika kwenye vitunguu vya Mable, vinene, vya kijani, katikati ya nchi iliyokauka. Alifuata wa pili, akazunguka jiko la Nakulu, akamkuta Eneless ameinamisha mtungi.

"Eneless," alisema. Alishangaa kuliko alivyokasirika. "Na wewe? Mutu wa kunyamaza?"

Eneless alipiga goti kumsalimu kapaso, mtungi mkononi, na kwa kupiga goti akamwaga yaliyobaki.

"Unauza ndizi?"

"Apana, mukwai."

"Mgomba mumoja! Bado hata hauna mkungu. Bana Bwembya namwelewa, anawauzia batu wa Kilwa. Wewe unataka nini hapa?"

Mwewa alingoja, akavua kofia, akajipepea.

"Sikiliza, binti. Wazee wa pande mbili wanakaa kesho kwenye insaka yetu. Wakisema sheria haivuki, mimi naomba radhi, nakwenda. Wakisema inavuka, nakuja na jembe. Vitunguu, ndizi, yote. Mpaka mizizi. Nisipofanya hivyo kwako, nitafanyaje kwa mwingine?"

Alipoondoka, Nakulu alitoka jikoni. Alikuwa amesikia. Alikaa chini pale pale kwenye udongo uliolowa, mzee yule, akauweka mkono wake juu ya ardhi kama mtu anayepima homa.

"Hatukuchimba sana," alisema polepole. "Mvua ilikuwa inajaza shimo. Yuko juu juu, Eneless. Mizizi ya mgomba imemshika."

Eneless alitazama mkono wa bibi yake. Aliliona jembe la Mwewa, makali yake meupe kwa kunolewa. Aliliona likiingia na kuinuka. Aliona kitambaa. Aliyaona haya yote kwa uwazi, kama mtu anavyoona mtumbwi wa mbali ziwani, na moyo wake ulikwenda vilevile kama jana.

"Kesho nitasema mimi," alisema Nakulu. "Wewe kaa kimya kama ulivyo. Kimya chako kizuri."

Insaka ya kusini ilikuwa kibanda cha wazi, nguzo na paa tu, na siku hiyo haikutosha. Watu wa kaskazini waliketi upande wao wa kibanda, wa kusini upande wao, na katikati waliacha nafasi ndogo, bila mtu kuwaambia. Kapembwa, mwamuzi wa kusini, mwanaume mnene mwenye sauti ya chini, alikuwa na kiti. Mukuka, mjumbe wa mfumu wa kaskazini, alikuwa amekuja na kiti chake mwenyewe kichwani ili asikae chini kuliko mwenzake. Misheck alisimama nyuma karibu na nguzo. Alikuwa ametoka kuvua, suruali yake imekunjwa.

Mable aliitwa wa kwanza. Alipiga magoti, akapiga makofi ya heshima, kisha akaanza kama mtu aliyealikwa.

"Wazee wangu, mukwai, mimi ni mujinga, mnifundishe. Vitunguu viko ng'ambo. Maji nilichota nikiwa nimesimama ng'ambo. Jua liliyakausha ng'ambo. Kitu kimoja tu cha huku ni mimi. Sasa kapaso anakataza maji, ao anakataza Mable?"

"Anakataza Mable!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma, na pande zote mbili zikacheka pamoja.

"Ana neno," alisema Mukuka, akiutikisa mguu. "Sisi hatukuweka sheria hiyo. Kwetu mutu akimwagilia kitunguu ni mutu mwenye bidii. Kapaso wenu ameingia nchi yetu na kijiti chake kama anatafuta mke. Mimi naona sheria ya kusini ibaki kusini."

Kapembwa alikuna kidevu.

"Mukuka, ndugu yangu. Leo asubuhi ulikunywa nini?"

"Maji."

"Ya wapi?"

"Ya Katete. Kuna mengine?"

"Ya Katete, upande gani?"

Mukuka alifungua mdomo. Watu wa kusini walianza kucheka chini chini, na wa kaskazini wakangoja.

"Ya lile dimbwi," alisema mwishowe.

"Dimbwi lina upande?"

"Halina. Ni dogo."

"Basi. Zamani Katete kilikuwa kipana, wewe na mimi tuligawana, wako wako, wangu wangu. Sasa kimekuwa kikombe. Wa huku akimwaga, wa kule anakosa. Wa kule akimwaga, mutoto wa huku analala na kiu. Mimi sisemi mfumu wangu anatawala kwenu. Nasema kikombe ni kimoja. Sheria iende pale maji inakwenda, na wewe ukaiseme kwenu kwa mdomo wa mfumu wako, isiwe ya kapaso wetu peke yake."

Mukuka aliendelea kuutikisa mguu. Nje mbuzi alikuwa anatafuna kamba ya mtu. Visima vya kaskazini navyo vilikuwa vimekauka wiki ile, na kila mtu pale alijua, lakini ilikuwa lazima apewe muda wa kutoonekana ameshindwa.

"Nakubali," alisema. "Lakini na neno hili litiwe ndani: maji ya mutu haikatazwi, huku wala kule. Mutu akinywa, akioga, akiosha maiti wake, asiulizwe."

"Limetiwa," alisema Kapembwa. "Maji ya mutu haikatazwi. Maji ya mimea imekatazwa, pande zote mbili. Bana Bwembya, kitunguu ni mutu?"

"Kuna batu wajinga kuliko kitunguu, mukwai."

"Utaleta jogoo hapa, na Mwewa atang'oa vitunguu."

"Basi mumpike jogoo na hivyo vitunguu," alisema Mable, akisimama na kujipangusa magoti. "Asiliwe mtupu, maskini."

Kicheko kilikuwa bado hakijaisha Mwewa alipoita jina la Eneless. Alikuja katikati, kwenye ile nafasi iliyoachwa, akapiga magoti na kutazama chini. Nakulu alikuja akapiga magoti karibu naye bila kuitwa. Kicheko kilikufa chenyewe.

"Mgomba mumoja, nyuma ya jiko," alisema Mwewa. "Anaumwagilia kila siku. Nimemuona kwa macho. Hakatai."

"Wazee," alisema Nakulu. "Mukwai. Mahali pale ni pa wanawake. Naomba jembe lisifike."

Wanaume wote waliinamisha macho. Walielewa, na hawakutaka kuelewa zaidi. Mukuka aliukunja mguu aliokuwa akiutikisa. Eneless alisikia nyuma yake, kwenye nguzo, miguu ya Misheck ikisogea kisha ikiacha kusogea.

Kapembwa alizungumza kwa upole, kama anavyozungumza mtu na mama yake.

"Nakulu, kama kuna mutu amelala pale, neno limeisha. Kaburi hatuchimbi, na maji ya mutu tumesema haikatazwi. Sema tu hivyo. Ni kaburi?"

Nakulu ndiye mkunga aliyewapokea nusu ya watu waliokaa pale walipozaliwa. Neno lake kuhusu nani alilia na nani hakulia halikuwahi kutiliwa shaka na mtu. Midomo yake ilifunguka, ikafungwa. Kama angesema ni kaburi, wangeuliza kwa nini kilio hakikukaliwa, kwa nini baba hakuitwa, kwa nini mtoto hakupewa jina. Wangeuliza na siku nyingine zote alizowahi kusema neno lile.

"Si kaburi," alisema. "Hakulia."

Kapembwa alishusha pumzi.

"Basi mnanifunga mikono. Asiyelia hana kaburi, na hilo si neno la kapaso, tumelikuta. Mahali pa namna hiyo panaachwa pasahaulike, hapamwagiliwi. Leo nikiacha mgomba kwa huruma, kesho kila kabichi itakuwa na hadithi yake." Alimgeukia Mwewa. "Utaukata tu. Usichimbe sana."

"Amri ilisema mizizi, mukwai. Vya Bana Bwembya nang'oa mizizi. Wa huyu nikate tu?"

Mable, aliyekuwa amekaa mwisho wa mkeka, aliweka kiganja mdomoni.

"Binti," alisema Kapembwa. "Wewe ndiye uliyebeba mtungi, na hujasema kitu. Watu hawawezi kusema nilikuhukumu bila kukusikia. Nakuuliza kama nilivyomuuliza mwenzako. Yale maji yalikuwa ya mgomba, ao ya mutu?"

Eneless alitazama vumbi kati ya magoti yake. Mchwa alikuwa anaburuta bawa. Alijua kwamba akikaa hivi kidogo tu, swali litapita, watu watasimama, na kabla ya jua kushuka jembe litakuwa limeingia. Haingemuuma. Hilo ndilo alilolijua vizuri zaidi, kwamba haingemuuma, na kwamba baada ya hapo hakuna kitu ambacho kingemuuma tena.

Na mvua ikaanza. Si nje, nje jua lilikuwa jeupe. Ilianza mahali pale ilipokuwa imenyesha, juu ya paa la majani la Nakulu, kwa nguvu, na ndani yake, chini yake, sauti moja nyembamba, fupi, kama mlango mdogo unaofunguliwa. Alikuwa ameisikia. Kisha kitambaa, kisha neno la Nakulu, na tangu hapo mvua tu.

Aliinua uso. Hakumtazama mwamuzi. Alimtazama bibi yake, na bibi yake alikuwa anamtazama yeye, na macho ya yule mzee yalikuwa yamejaa maji. Ndipo Eneless alipojua kwamba sauti ile haikuwa mvua. Walikuwa wawili chumbani siku ile, na wote wawili walisikia.

"Ya mutu," alisema.

Sauti ilitoka ndogo. Kapembwa akainama mbele. Nyuma, Misheck alikuwa ameiacha nguzo na kuja hadi ukingo wa mkeka, na watu walikuwa wamempisha. Eneless alivuta hewa, ikaingia mbali, mpaka mahali ambapo haikuwa imefika tangu mvua zile, na ikauma.

"Maji yalikuwa ya mutoto wangu," alisema, na safari hii pande zote mbili zilimsikia. "Alilia."